Klova, vinundu na gunia la urea: historia tuliyoruka ku oditwari

Leo mniruhusu nitoke kidogo kwenye mambo ya konkuru na ma-staji, nilete historia. Ni historia ya swali moja ambalo kila aliyepita fakilte ya agronomia amelijibu ku interro kwa mstari mmoja: mimea ya malisho ya jamii ya mikunde, kama klova (ile trèfle ya silabusi zetu), luzerni, desmodium ao stylosanthes, inahitaji mbolea ya azoti, ama bakteria wa mizizini wanatosha? Tuliandika "bakteria wanatosha", tukapata pointi zetu, tukapita.

Kumbe ule mstari mmoja uligharimu karibu miaka 50 ya mabishano, kutoka 1838 mpaka 1886. Na waliokosea ndani yake hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye mizani nzuri kuliko wengi wa wakati wao. Naisimulia juu hapa kwetu Kivu kuna proje zinapita zikigawa urea kwa wafugaji waliopanda desmodium pamoja na majani, na ni sisi wenye lisansi tunatumwa kueleza. Siku mama mwenye ng'ombe mmoja atakuuliza "hii dawa nyeupe ni ya nini ku haya majani yangu?", kumjibu kwamba kitabu kinasema hivyo haitoshi. Yeye atauza kuku ili anunue gunia la pili.

Tuanze na wakulima, maana wao njo walitangulia. Columella, Mroma wa karne ya kwanza aliyeandika vitabu vya kilimo, alikwisha sema kwamba lupini inarudishia nguvu shamba lililochoka. Baadaye kule Flandre (ndiyo, kwa Wabelgiji hao hao) wakulima walizoea kuingiza klova kati ya nafaka: wanalisha ng'ombe, halafu nafaka inayofuata inatoka na nguvu. Mwingereza Richard Weston alikimbilia huko wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, akaona kwa macho, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1650. Hakuna aliyejua sababu. Walijua tu kwamba klova inatoa chakula cha ng'ombe na udongo unabaki bora kuliko mwanzo. Ukiliangalia kwa hesabu ya dukani, ni kama mtu anayetoa pesa mfukoni kila siku na mfuko unazidi kujaa.

Wa kwanza kuupima huo mfuko kwa uangalifu ni Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault. Akiwa kijana alikwenda Amerika ya Kusini kama mtaalamu wa madini, wakati wa Simón Bolívar. Aliporudi Ulaya alioa katika familia yenye shamba huko Bechelbronn, Alsace, na shamba lile akaligeuza kuwa labo. Mimi namupenda huyu mtu juu hakuwa anabishana mezani, alikuwa anapima. Alichukua mchanga, akauchoma moto mkali ili usibaki na chakula chochote cha azoti, akapanda klova na njegere, akazimwagilia maji safi ya mvuke. Katika vyungu vingine akapanda ngano na avoine. Mwishoni akapima azoti iliyokuwa ndani ya mbegu na iliyo ndani ya mmea mzima. Ngano na avoine hazikuongeza kitu cha maana. Klova na njegere ziliongeza. Haikutoka kwenye mchanga, haikutoka kwenye maji, basi imetoka hewani. Hayo aliyatangaza 1838, na ukikumbuka kwamba karibu asilimia 78 ya hewa ni azoti, utaona ni habari kubwa namna gani.

Lakini haikukubalika hivi hivi. Justus von Liebig, Mjerumani aliyekuwa na jina zito katika kemia, alifundisha kwamba mimea inapata azoti kutokana na amonia iliyomo hewani na inayoshuka na mvua, kwa hiyo klova haina siri yoyote. Na Boussingault mwenyewe aliporudia kazi yake miaka ya 1850, safari hii kwa vyombo vilivyofungwa vizuri zaidi, matokeo yalikuwa sifuri. Akarudi nyuma.

Hapo sasa wanaingia watu wa Rothamsted, Uingereza. John Bennet Lawes alikuwa mwenye shamba na mfanyabiashara. Mwaka 1842 alipata hati ya kutengeneza superfosfati, na kuanzia 1843 yeye na mkemia Joseph Henry Gilbert wakafungua majaribio ya mashambani ambayo mengine hayajasimama mpaka leo. Mwaka 1857 akajiunga nao kijana wa Kimarekani, Evan Pugh. Wakaamua kumaliza ubishi. Walichoma udongo, wakaifunika mimea kwa vioo, wakapitisha hewa kwenye asidi ili amonia yote ibaki huko, wakapanda nafaka na mikunde. Matokeo yaliyochapishwa 1861 yalisema: hakuna mmea, hata wa mikunde, uliochukua azoti ya hewa. Kazi ilikuwa safi hivi kwamba karibu kila mtu alinyamaza.

Na usafi njo ulikuwa shida. Moto ulioondoa azoti kwenye udongo uliondoa pia bakteria. Kioo na asidi vikazuia vumbi lisiwalete wengine. Boussingault wa 1838 naye alichoma mchanga wake, lakini vyungu vyake vilikaa kwenye hewa ya shamba, na maelezo yanayokubalika leo ni kwamba vumbi liliwarudishia bakteria bila yeye kujua. Kwa maneno mengine, jaribio lenye uchafu kidogo lilisema kweli, na lile safi kabisa likasema uongo. Lawes na Gilbert hawakuwa vipofu pia: shamba lao wenyewe lilikuwa linawaonyesha kila msimu kwamba klova inavuna azoti nyingi na ngano inayofuata inapendeza. Waliandika kwamba jambo hilo haliwaelei, wakaliacha wazi. Ni heshima, lakini miaka ilipita.

Mtu aliyekuja kusukuma mlango hakuwa profesa. Albert Schultz alinunua shamba la mchanga mtupu huko Lupitz, kaskazini ya Ujerumani, mwaka 1855. Alilitia marne, ule udongo wenye chokaa, na chumvi za potasi, akapanda lupini miaka na miaka bila kununua azoti hata kidogo, na mavuno hayakuanguka. Mwaka 1881 akaandika akigawa mimea mafungu mawili: inayokusanya azoti na inayoila. Hakueleza namna gani, ila shamba lake lilikuwa pale na kila mtu angeweza kwenda kuliona.

Namna gani, hiyo ni kazi ya Hermann Hellriegel na mwenzake Hermann Wilfarth, katika kituo cha Bernburg. Walipanda katika vyungu vya mchanga na kuongeza nitrati kwa kipimo. Nafaka zilitii kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza: ukiongeza nitrati zinaongeza mavuno, ukikata zinanyauka. Njegere zilikuwa fujo tupu. Katika vyungu visivyo na azoti kabisa, kimoja kinakufa kwa njaa na jirani yake, wenye mchanga ule ule na maji yale yale, umenawiri kama umelishwa.

Hapa njo ninaposimama kila nikisoma hii historia. Sisi wote tumefanya memwari. Tunajua kinachotokea marudio yanapotofautiana hivyo: unatafuta namna ya kuyaficha ndani ya kosa la takwimu, encadreur asiulize. Hellriegel aliyachukua yale mafujo kuwa ndiyo habari yenyewe. Akang'oa. Mimea iliyonawiri ilikuwa na vinundu kwenye mizizi, iliyokufa haikuwa navyo. Basi akachukua mchanga uliouawa vijidudu kwa joto, akaumwagia maji kidogo yaliyokorogwa na udongo wa shambani: njegere zikasimama. Akayachemsha maji yale yale kwanza, halafu akamwaga: hakuna kitu. Kilichokuwa ndani ya maji yale kilikuwa hai.

Kuna jambo jingine waliloliona, na kwa sisi watu wa malisho lina uzito zaidi. Maji ya udongo wa mashamba ya bitiravi ya sukari yaliamsha njegere, lakini lupini na serradella, ambayo ni mmea wa malisho wa nchi za mchanga, hazikujali. Zilitaka udongo wa mchanga ambako lupini ilikuwa inaota. Kila jamii ya mmea ina bakteria wake wa kuelewana nao.

Hellriegel alisoma matokeo hayo Berlin tarehe 20 Septemba 1886, na Gilbert wa Rothamsted alikuwa ndani ya chumba. Aliporudi nyumbani walirudia majaribio, na wale wale waliokuwa wamefunga mlango miaka 25 nyuma wakathibitisha kwamba Mjerumani ana haki. Mwaka 1888, Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wenyewe kutoka kwenye vinundu na kuwakuza. Hellriegel alikufa 1895. Zawadi za Nobel zilianza 1901, kwa hiyo jina lake halimo kwenye orodha yoyote mnayokariri.

Sasa turudi Rothamsted, juu huko kuna shamba linalojibu swali la yule mama mwenye ng'ombe mmoja kuliko vyungu vyote. Linaitwa Park Grass. Mwaka 1856, kabla hata ya vile vioo vya Pugh, Lawes na Gilbert walichukua uwanja wa majani ya kukata, wa zamani, wenye mchanganyiko wa majani, klova na maua, wakaugawa vipande. Kimoja hakikupewa kitu. Kingine fosfati na potasi bila azoti. Vingine azoti, kwa njia ya sulfati ya amonia ao nitrati ya sodiamu, yenyewe ao pamoja na zile nyingine. Hawakupanda mbegu mpya. Walikata tu, wakapima.

Haikuchukua miaka mitatu, vipande vikawa kama vimepandwa mbegu tofauti. Penye fosfati na potasi bila azoti, mikunde ilijaa, na mavuno yakapita mbali yale ya kipande kisichopewa kitu. Penye azoti nyingi, majani ya nyasi yalipanda juu na klova ikatoweka. Wanadamu waliongeza chakula, na mmea uliokuwa unajitengenezea chakula hicho hicho bure ukafukuzwa mezani. Pale sulfati ya amonia iliporudiwa mwaka baada ya mwaka bila chokaa, udongo uligeuka asidi mpaka pH ikashuka chini ya 4, wakabaki nyasi wa aina chache tu wanaovumilia.

Sababu ni mbili na zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza ni kivuli: nyasi ikipata azoti inakua haraka, inaifunika klova. Ya pili iko ndani ya klova yenyewe. Kinundu si cha bure kwa mmea. Kuvunja molekuli moja ya azoti ya hewa kunagharimu ATP zisizopungua 16, na sukari ya kuzitengeneza inatoka kwenye majani. Mmea ukikuta nitrati tayari kwenye udongo unaacha kujenga vinundu, na vilivyopo vinazeeka mapema. Ukiutilia urea uwanja wa klova ao desmodium, sehemu kubwa ya unachoweka inachukua nafasi ya kile ambacho mmea ungetengeneza wenyewe. Umelipa mara mbili.

Baada ya 1886 dunia ilichukua njia mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya chupa. Mwaka 1896 Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner, huko Tharandt, walipata hati ya kuuza bakteria waliokuzwa, kwa jina la Nitragin. Mara nyingi haikufanya kazi: bakteria walikufa njiani, ao walifika kwenye udongo wa asidi, ao walikuta wenyeji wengi kuliko wao. Msemaji yeyote wa proje anayefungua paketi ya inokulo juani saa sita mchana anarudia historia hiyo.

Njia ya pili ni ya kiwanda. Mwaka 1898 William Crookes aliwaambia wanasayansi wenzake huko Bristol kwamba nitrati ya Chile haitatosha kulisha wala ngano, na kwamba kemia lazima iikamate azoti ya hewa. Fritz Haber akaikamata 1909, Carl Bosch akaifanya kiwanda, na Oppau ikaanza kutoa amonia 1913. Mwaka uliofuata vita vilianza na amonia ile ile ikaingia kwenye baruti. Kazi anayoifanya bakteria chini ya mguu wa mbuzi, kwa joto la udongo, kiwanda kinaifanya kwa nyuzi 400 na zaidi na mgandamizo unaozidi wa hewa mara 150. Haidroji yake siku hizi inatoka hasa kwenye gesi ya metani. Ni ajabu kidogo kwamba sisi watu wa Bukavu na Goma tunaamka kila asubuhi pembeni ya ziwa lenye metani ya mita za ujazo bilioni 60 hivi, huku kila kilo ya urea tunayoona imevuka mipaka kufika sokoni.

Nchi iliyojaribu kweli kuishi kwa njia ya bakteria ni New Zealand. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 maziwa yake na kondoo wake walikula nyasi iliyochanganywa na klova nyeupe, azoti ikitoka kwenye vinundu. Uwanja mzuri ulitoa kati ya kilo 100 na 200 za azoti kwa hektari kwa mwaka. Tugeuze hesabu: gunia la urea la kilo 50 lina kilo 23 za azoti, kwa hiyo tunasema magunia 4 mpaka karibu 9 kwa hektari, kila mwaka, yasiyobebwa na pikipiki.

Lakini msiseme ilikuwa bure. Klova ile ilikula fosfati, na fosfati ilichimbwa kwenye kisiwa cha Nauru mpaka katikati ya kisiwa pakabaki mifupa ya mawe. Kuanzia 1949 ndege zilikuwa zinaimwaga juu ya vilima. Azoti ya hewa ililipwa kwa kisiwa cha watu wengine, hilo silabusi yangu haikulitaja. Halafu kuanzia miaka ya 1990 wafugaji wa maziwa wakaona urea imekuwa rahisi, wakaongeza, nyasi ikapanda, klova ikapungua kama Park Grass ilivyosema, na nitrati ikaingia mitoni. Mwaka 2021 serikali ikaweka mpaka: kilo 190 za azoti ya kiwandani kwa hektari kwa mwaka.

Na kwetu? INEAC ya Wabelgiji, iliyoanzishwa 1933 na makao yake Yangambi, ilifanya kazi nyingi na mikunde ya kufunika udongo. Pueraria ilienea chini ya michikichi na hevea, na stylosanthes kutoka Amerika ya Kusini ikajaribiwa kwa malisho na kwa kupumzisha mashamba. Ile ilikuwa kwanza kazi ya plantesheni, tusijidanganye, lakini matokeo yanatuhusu. Mikunde mingi ya nchi za joto haichagui bakteria kama zile za Ulaya. Stylosanthes mara nyingi inakuta wenyeji wanaoelewana nayo ndani ya udongo wetu bila kununua paketi. Soya ni kichwa kigumu zaidi, njo maana habari za inokulo Sud-Kivu zimezunguka zaidi kwenye soya.

Kwa hiyo mimi, nikitumwa kwenye kilima cha Kabare ao Walungu, ambako udongo ni asidi na fosfori haipo, silaumu bakteria mapema. Desmodium ya manjano pale inaonekana ina njaa ya azoti, na kweli inayo, lakini njaa hiyo mara nyingi imeanzia kwenye fosfori na asidi: bila hizo kurekebishwa, kinundu hakijengeki. Huko Australia, mwaka 1942, A. J. Anderson alionyesha kwamba klova kwenye udongo fulani wa Kusini ilikuwa inadhoofika kwa kukosa molibdeni, kipimo cha gramu chache tu kwa hektari. Mtu angeweza kumwaga azoti miaka kumi pale bila kuujua ugonjwa.

Urea sina ugomvi nayo. Setaria, tripsacum na majani ya tembo yaliyopandwa peke yake kwenye mistari ya kuzuia mmomonyoko yanaijibu vizuri sana, sawa na nafaka za Hellriegel. Hata mche wa desmodium katika wiki mbili tatu za kwanza, kabla vinundu havijaanza kazi, unaweza kufaidika na azoti kidogo, na samadi inatosha kwa hilo. Ninachokataa ni kuimwaga juu ya mchanganyiko kila msimu halafu kuandika kwenye ripoti kwamba "mikunde haikufanya vizuri katika eneo hili". Ilifukuzwa, na sisi tulibeba gunia.

Kabla ya kuandika ripoti, chimba. Usivute mmea kwa mkono, vinundu vinabaki chini. Chimba kwa jembe, osha mizizi kwenye ndoo, chukua vinundu vikubwa, kata kwa wembe. Ndani pakiwa pekundu kama nyama, hiyo ni leghemoglobini, kazi inaendelea, gunia libaki stoo. Pakiwa peupe ao kijani, hapo njo uulize fosfori, chokaa, na mwisho bakteria. Mwenye picha za vinundu vya desmodium ao stylosanthes kutoka Ituri, Masisi ao Haut-Katanga azitie chini hapa pamoja na jina la kilima na rangi ya udongo. Mimi naleta za Kabare Jumamosi.